Koti la Njano, Koti la Kijani

— Yule anaona nadanganya asimame saa hii tumuone urefu, — alisema Njogu. — Nimemhamisha mama wa watu kutoka kampuni moja ya intaneti mpaka ingine, na pande zote mbili fundi nilikuwa mimi. Bisha! Bisha tu, nikuaibishe mbele ya kahawa.

Hakuna aliyesimama, maana kwa benchi la Mbuvi ukisimama umeshapoteza kiti. Ni ubao mmoja wa mjengo uliolazwa juu ya mawe mawili, hapo Noonkopir, Kitengela, mgongo umeegemea kibanda cha Cate cha kutuma pesa na macho yanatazama barabara ambapo malori ya kokoto hupita yakimgawia kila mtu vumbi bila ubaguzi. Mbuvi ndiye mwenye birika, jiko na vikombe sita. Kimoja hakina mkono, na hicho ndicho hupewa mgeni. Cate, ambaye jina la kijiweni ni Madam Float, kwa ile akiba ya pesa za simu anayoiita float, hakai benchini. Hubishana akiwa ndani, kupitia dirisha lake la nondo, kama mfungwa anayejua haki zake. Kinyanjui anaitwa Title Deed kwa sababu ni miaka kumi na mmoja sasa anapeleka watu kuona ploti, kutoka hapa mpaka Mashuuru, na hati ya shamba bado anaijua kwa picha tu. Na Njogu, miaka ishirini na mitatu, fundi wa waya za intaneti, ndiye Koti Mbili. Aliacha shule Form Two. Ukimuuliza atakwambia shule ilikuwa inamchelewesha.

— Haya, danganya, — alisema Kinyanjui. — Lakini leo hadithi iwe na mwisho. Ile ya juzi ulituacha juu ya nguzo.

— Mnamjua Nakhumicha? Yule dada wa Bungoma, anakaa zile nyumba za ghorofa nyuma ya kanisa.

— Yule anafanyia kazi yake kwa nyumba yake? — Cate aliuliza. — Anaongea Kizungu kwa dirisha mpaka mbuzi wanageuka?

— Huyo huyo. Ameandikwa kazi na hoteli za ng'ambo. Mzungu akipoteza ufunguo wa chumba huko kwao, anapiga simu, simu inavuka bahari, inaingia Kitengela, inamkuta Nakhumicha amevaa blauzi ya ofisi juu na leso chini.

— Na ufunguo anautoa wapi? — aliuliza Mbuvi.

— Hautoi. Anamwambia pole. Analipwa kusema pole.

— Hiyo kazi ningeiweza, — alisema Kinyanjui. — Nimeambia watu pole huko mashambani miaka kumi na mmoja na hakuna mtu amenilipa.

Njogu alingoja wacheke wamalize. Ukitaka kusifiwa vizuri, lazima uwape watu nafasi ya kumeza.

— Sasa, intaneti yake ilikuwa ya Njano.

Njogu hataji majina ya kampuni. Husema Njano na Kijani, kwa rangi ya yale makoti ya kung'aa wanayompa, maana anayo yote mawili. Jumatatu hadi Jumatano anavaa Njano. Alhamisi hadi Jumamosi anavaa Kijani. Wakubwa wa Njano hawajui, na wakubwa wa Kijani hawajauliza. Leo ilikuwa Ijumaa, na alikuwa amekaa hapo anang'aa kama kabichi iliyonyeshewa.

— Njano ikilala, — aliendelea, — Nakhumicha anaweka laptop kwa kikapu, anaifunika na sukuma ndio wezi wafikirie ni mboga, anaenda kutafuta waifai. Amekaa hotelini mpaka chai moja ikaota ndevu. Ameenda kwa kituo cha petroli. Mwisho akapata ya kanisa, lakini pasta akamwambia neno la siri ni la wanakwaya pekee.

— Kwa hivyo?

— Kwa hivyo saa hii anaimba sauti ya pili.

Mbuvi alicheka mpaka akamwaga kahawa juu ya makaa, na moshi ukawapanda wote.

— Cheka tu. Dada wa watu alikuwa ashapewa onyo mbili. Simu ikikatika mara ya tatu, mkubwa wake huko ng'ambo anamwandikia barua, kazi imekwisha, anarudi Bungoma kupanda mahindi. Na hapa amejaribu miaka minne.

— Lakini kwani hii intaneti yetu hukatwa na nini? — aliuliza Cate.

Hilo swali Njogu angelijibu kwa maneno matatu. Lakini hakuulizwa yeye. Kijiweni swali likianguka, linaokotwa na mwenye mdomo wa karibu.

— Ni vumbi, — alisema Mbuvi. — Waya ni bomba. Lori inapita, vumbi inaingia, kidogo leo, kidogo kesho. Bandu bandu huisha gogo. Mtu angepanda juu apulize upande mmoja, ingetoka yote upande ule mwingine.

— Vumbi gani! — Cate alisema. — Ni watu wa Rongai. Hapo kwao Gataka kila nyumba kuna mtu amekaa na laptop kwa kitanda. Wako juu, sisi tuko chini. Asubuhi wakifungua wote mara moja, hapa inafika matone. Si ni kama maji tu?

— Nyinyi wote mko mbali na ukweli, — alisema Kinyanjui, na akaweka kikombe chini, maana uongo wake huhitaji mikono miwili. — Sikizeni. Intaneti ilikuja Kitengela ikiwa eka mia moja. Safi, haina mwamba. Kampuni zikaanza kukata ploti za hamsini kwa mia. Ukienda kununua unaonyeshwa ile iko karibu na lami. Ukishalipa unapelekwa ile ya bondeni. Na ile ya bondeni imeuzwa kwa watu sita, kila mtu na karatasi yake, kila mtu na mhuri. Sasa saa mbili asubuhi nyote sita mnafika na mawe ya kujenga. Itakosa kukatika?

Njogu alitazama pembeni. Uongo wa Title Deed ulikuwa umepita karibu sana na ukweli wa ofisini, na ilimuuma kwamba mtu anaweza kufika hapo bila kupanda nguzo hata moja.

— Na twiga, — Kinyanjui aliongeza, akiona ameshinda. — Msisahau twiga. Niko na kasitoma huko upande wa Isinya, namwonyesha mpaka wa shamba, nikaona twiga na waya kwa mdomo. Ametulia. Ameinamisha shingo hivi, kama mtu ameambiwa angoje kwa laini.

Mmaasai mmoja mwenye mbuzi alikuwa anapita na kundi lake ukingoni mwa barabara.

— Sopa! — aliwasalimu.

— Ipa! — waliitikia wote, na Kinyanjui akamwonyesha Cate kwa kidole. — Umeona? Muulize huyo mbuzi wake wanakula nini kiangazi, kama si hata nailoni.

— Niachieni hadithi yangu! — alisema Njogu. — Nakhumicha akachoka. Wiki tatu alikuwa anapigia Njano simu, anachezewa wimbo. Mimi mwenyewe nimetumwa kwake mara nne nikiwa na koti ya Njano, na kila mara nimemwambia zima, uwashe. Ndio tuliambiwa tuseme. Siku aliwaambia anahama, wii! Walimpigia mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Tumekuongezea spidi. Tumekupa mwezi wa bure. Dada, kwani tulikukosea wapi?

— Ni kama bwana, — alisema Cate. — Haonekani mpaka asikie zipu ya begi.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, — alisema Kinyanjui.

— Hiyo umetumia vizuri, — alisema Cate. — Uko mgonjwa?

— Halafu wakamwambia hawezi kuhama bila kuandika imeli ya kuaga, — Njogu alisema. — Akawauliza, nitaandika na intaneti gani? Wakamwambia, si utumie hii yetu?

Hapo ndipo mzee mmoja alipovuka barabara. Alikuwa mrefu, amevaa koti jeusi lililofungwa vifungo vyote kwenye jua hilo, na alitembea kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuamua anaenda wapi. Alisimama mbele ya benchi.

— Hamjambo, vijana. Hapa mtu akilipa kahawa anapewa na mahali pa kukaa?

— Karibu, mzee, — alisema Mbuvi. — Kahawa unalipa, mahali ni bure.

Walisogea. Akaketi mwisho wa ubao, akapewa kile kikombe kisicho na mkono, akakishika kwa leso yake bila kulalamika. Akasema anaitwa Nashon, anakaa nyumba zile za nyuma ya kanisa.

Njogu alimjua. Alikuwa wa mlango namba tisa. Tangu Jumatano Njogu amekuwa akipita njia ndefu ili asikutane na hilo koti, kwa sababu kulikuwa na waya kati yao wawili, na mzee hakujua.

— Ulikuwa unasema? — Cate alimkumbusha.

Njogu akapaza sauti, vile watu hupaza sauti wakipita makaburini.

— Nilikuwa nasema Jumamosi! Kijani wananipigia: nenda, kuna kasitoma mpya. Nikaangalia jina, Nakhumicha. Nikavaa koti yangu, hii hapa. Nikabisha mlango. Akafungua. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. Akasema, "Si ni wewe?" Nikamwambia, "Hapana mama. Huyo wa Njano ni pacha wangu."

— Njogu! — alisema Cate.

— Ningesema nini? Akaniambia, "Kwetu pacha huitwa Mukhwana na Mulongo. Wewe ni nani kati yao?" Nikamwambia mimi ni yule mzuri. Akaingia ndani, akarudi na bisibisi. Akasema, "Basi mpelekee yule mbaya, alisahau hii kwangu wiki jana."

Benchi lilitikisika. Hata mzee Nashon alitabasamu ndani ya kikombe.

— Nakhumicha alicheka mpaka akakaa kwa ngazi. Akanipa chai na mandazi mbili. Na nilifanya kazi, wacha niwaambie! Dakika arobaini. Waya mpya, ruta mpya. Jumatatu amefanya kazi toka asubuhi mpaka jioni, simu haijakatika hata moja. Amenitumia ujumbe wa sauti, anaimba. Sauti ya pili.

— Kwa hivyo fundi mbaya na fundi mzuri ni mtu mmoja, — Mbuvi alisema polepole. — Koti tu ndiyo ilibadilika.

— Waya, Mbuvi. Waya ndiyo ilibadilika. Halafu Jumanne nikavaa Njano, nikaenda kutoa waya yao ya zamani. Kazi imeisha. Nani ashawahi kuzika mtu na kumpokea akizaliwa kwa kliniki, wiki moja? Ni mimi.

Akapiga meza ambayo haikuwepo. Hadithi ilikuwa imefika mwisho wake, au mwisho ambao Njogu alikuwa ameuchagua. Kinyanjui alimpigia makofi mawili, Mbuvi akamjazia kikombe. Kwa kawaida hapo ndipo Njogu hujisikia mrefu kuliko nguzo zake. Lakini mzee alikuwa anamtazama. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kama mtu aliyepata ofisi aliyokuwa anaitafuta.

— Kumbe wewe ni wa waya, — alisema mzee Nashon.

— Kidogo kidogo, mzee.

— Mzee, wewe si mtu wa kuonekana saa hizi, — Mbuvi aliingilia, kwa kuwa hapendi mgeni anyamaze mpaka kahawa ipoe. — Nakuona asubuhi ukinunua mkate. Mchana hata siku moja.

— Mchana huwa niko na mgeni. Saa nane.

Akanywa kidogo, akapangusa mdomo.

— Niko na msichana wangu, Lorine. Yuko Uarabuni, kwa nyumba ya watu, mwaka wa pili huu. Wale watoto anaochunga wakilala mchana, yeye anapewa dakika ishirini. Hana laini ya simu ya huko, anatumia waifai ya tajiri wake. Kabla aende aliniwekea hii intaneti kwa nyumba na akanipa ile simu pana kama kitabu. Akaniambia, baba, hii usibonyeze kitu, nitakupigia mimi, wewe kaa mbele yake tu. Basi saa nane mimi huvaa koti, nakaa. Mama yake alituacha. Tuko wawili.

— Koti ya nini, na mko kwa simu? — aliuliza Cate, lakini kwa sauti laini.

— Asione kama nimeachwa, mama. Mtoto akiwa mbali akuone umefunga vifungo.

Kinyanjui aliokota kikombe chake akakitazama ndani.

— Sasa Jumatatu akanipigia, ana furaha. Ameongezewa mkataba. Miaka miwili tena. Mimi nilikuwa nimehesabu anarudi Desemba. Nilikuwa nimeshamwambia hata mchungaji. Hasira ikanishika, vijana. Nikamwambia, kama ni hivyo usinipigie tena, hiyo miaka yako ikiisha ndio unipigie.

Alizungusha kikombe kwenye leso.

— Jumanne nikavaa koti, nikakaa. Kimya. Jumatano kimya. Jana kimya. Lorine ni mtoto wa kutii, tangu akiwa mdogo. Ukimwambia ngoja hapa, utarudi umkute hapo hapo. Leo nikasema siwezi kuikalia tena. Nyumba ikifika saa nane inakuwa kubwa.

Cate alikuwa ameweka kidevu juu ya nondo.

— Mzee, labda tajiri wake amebadilisha neno la siri, — alisema. — Hao watu hubadilisha kila siku. Anaulizia tu, atapata.

— Ama saa zao zimesukumwa, — alisema Mbuvi. — Nilisikia kuna nchi wanasukuma saa. Hapa ni nane, kule bado hawajapika.

— Ama ni twiga, — alisema Kinyanjui, na safari hii hakukuwa na mzaha, alikuwa anatoa kitu pekee alichokuwa nacho. — Mzee, usimtupilie twiga. Kule kwao kuna ngamia, ni yale yale.

Mzee Nashon aliwaitikia kwa kichwa mmoja mmoja, kwa shukrani, kama mtu anayepokea mikate matangani.

— Na mtambo wa kwako uko sawa? — Cate aliuliza.

— Uko sawa kabisa. Hiyo nilihakikisha. Lorine alinifundisha, taa zikiwaka basi mambo iko sawa. Na zote zinawaka. Hata imeongezeka moja, nyekundu, inapepesa vizuri sana. Haikuwepo hiyo. Sijawahi kuuona mtambo ukiwa na nguvu hivyo.

— Nyekundu ni nguvu, — Kinyanjui alimhakikishia. Yeye na Mbuvi na Cate hutumia bando za simu tu. Mtambo wa ukutani wameuona kwa watu. — Hata kwa pasi, nyekundu ndio moto umeshika.

Njogu aliweka kikombe chini. Kati ya watu wote kwenye ule ubao, ni mmoja tu aliyejua ile taa nyekundu ni ya nini.

— Basi, kijana, — alisema mzee, akimgeukia. — Kwa sababu wewe ndio unajua hii mambo. Mtu atajuaje kama ni waya imekufa, ama ni mtoto amechoka na yeye?

Lori lilipita. Vumbi likashuka, likatulia juu ya viatu vya kila mtu. Mbuvi alitazama birika.

Njogu alifikiria koti alilovaa, na lile lingine lililokunjwa kwa mfuko miguuni pake. Alifikiria Kivuva, msimamizi wake wa Njano, mtu wa kuuliza swali moja na kungojea mpaka uzeeke. Angeweza kusema, mzee, nitapita nikuangalilie kesho. Angeweza kuirekebisha kimya kimya na hata kupewa chai, na Jumatatu awe na hadithi nyingine ya kushinda hii.

— Ni waya, — alisema.

— Unasema kunituliza.

— Sikutulizi, mzee. Hiyo taa nyekundu si nguvu. Inawaka waya ikikatwa. Na waya nilikata mimi.

— Njogu? — alisema Cate.

— Kuna mahali niliruka kwa hiyo hadithi. Mwezi jana landlord wa ile ploti aliongeza nyumba mbili hapo chini, akapaka milango yote rangi, akahesabu upya. Iliyokuwa tano ikawa saba. Yako ilikuwa saba, sasa ni tisa. Milango ilibadilika, lakini kwa lile boksi la ukutani waya bado ziko na namba za zamani. Jumanne asubuhi nilitumwa kukata namba saba, ya Nakhumicha. Nikafungua boksi, nikaona saba, nikakata. Sikufuata waya kuona inaingia kwa nani. Nilikuwa na haraka.

— Ya nini? — Mbuvi aliuliza.

— Ya kuja hapa kuongea.

Mbuvi aliweka birika chini, na Njogu akaendelea.

— Waya ya Nakhumicha bado iko, haijaguswa. Ya mzee nilishaikunja nikampelekea Kivuva, akanipigia sahihi, kazi safi. Naweza kuiunga na kipande, lakini kuirudisha vizuri ni mpaka nimwambie nilikata mtu anayelipa. Na Kivuva akianza kuuliza, atauliza hata Ijumaa huwa niko wapi. Koti zote mbili zinaenda.

Mzee Nashon hakuwa amesikiliza hiyo habari ya makoti. Alimrudishia Mbuvi kikombe bila kukitazama.

— Kwa hivyo si mtoto, — alisema mzee.

— Si mtoto. Ni mimi.

— Si mtoto, — mzee alimwambia Mbuvi, kama vile Mbuvi alikuwa kiziwi. Akamgeukia Kinyanjui. — Umesikia? Si mtoto.

— Nimesikia, mzee wangu, — alisema Kinyanjui, na akapangusa vumbi machoni, ingawa lori lilikuwa limeshapita kitambo.

— Saa ngapi saa hii? — aliuliza Njogu.

— Nane kasoro dakika kumi na mbili, — Cate alisema. Alikuwa tayari anapitisha simu yake kati ya nondo. — Chukua hii. Iko na bando ya kutosha. Iwashe karibu na ile simu yake pana, itashika kama waifai. Na ukiniharibia kioo, Koti Mbili, utanitambua.

— Na Kivuva? — aliuliza Mbuvi.

— Kivuva nitampigia nikiwa juu ya ngazi. Akitaka kunifuta kazi, anifute waya ikiwa imeshashika.

Mzee Nashon alisimama. Alikagua vifungo vya koti lake kimoja kimoja kutoka juu, akakuta viko, akanyoosha kola. Ni hatua mia mbili tu mpaka nyumba za nyuma ya kanisa, na alikuwa na uso wa mtu anayeweza kuzipiga akiimba.

— Twende, kijana wangu. Leo tumfungulie mlango, sisi wote wawili. Nitamwambia wewe ndio ulikuwa umelala na funguo.

Lakini Njogu alikuwa bado ameketi, simu ya Cate mkononi.

— Mzee, kuna ingine.

— Utaniambia tukitembea.

— Hapana. Hii niseme hapa, hawa wakisikia, ndio kesho nisiibadilishe.

Aliweka simu ya Cate juu ya goti. Hakumtazama mtu.

— Si leo nimejua nilikosea. Nilijua Jumatano, nilipoona waya ya Njano bado inaingia kwa Nakhumicha. Saa nane nilikuja na ngazi yangu, nikasema niiunge kabla mtu ajue. Nikapanda. Boksi iko karibu na dirisha lako, na pazia ilikuwa wazi. Ulikuwa umekaa mbele ya hiyo simu, umefunga vifungo, na haikuwa inaonyesha mtu, ni uso wako tu. Ulikuwa unajifunza vile utamwambia. Ulisema, "Miaka miwili si mingi, Lorine. Miwili ni kitu kidogo, mama." Ukarudia tena. Ukarudia mara ya tatu, ukitoa ile hasira kidogo kidogo mpaka ikaisha. Nilisikia yote, mzee. Kipande cha waya kilikuwa hapa mkononi. Na nikashuka polepole bila kuiunga, kwa aibu, nikiweka mguu mmoja mmoja, ndio usinisikie.